Vichwa Sitini vya Kamituga

Nyalukemba, Bukavu, tarehe 4 Machi 1957

Mudogo yangu Emérence,

Nakusalimu kwa jina la Bwana wetu. Mama iko muzima, ni magoti tu yanamusumbua. Ananiambia nikuulize kama ile mbegu ya maharagi aliyokutumia kwa gari ya Constantin ilifika, ao dereva aliikula njiani.

Habari kubwa ni hii: nimebadilisha kazi. Sifungi tena vidonda. Tangu Januari niko infirmier wa laboratoire, nasaidia kupima wagonjwa chini ya Docteur Hennebel, Mubelgiji mupya mwenye ndevu nyekundu. Alikuja na mashini moja kutoka Ulaya, watu wanne hawaibebi. Inaandika kazi ya ubongo. Usicheke. Ndani ya kichwa cha kila mutu muna umeme kidogo sana, kidogo kuliko ule wa pile, ile betri ya torche. Tunamuvalisha mutu kofia ya mipira, tunapakaa maji ya chumvi, tunabandika vyuma vidogo juu ya ngozi, na katika chumba cha pili kalamu munane zinaanza kutembea zenyewe juu ya karatasi. Mara ya kwanza nilipoziona nilifanya alama ya musalaba. Docteur alicheka mpaka akakohoa.

Ananifundisha kila siku. Anasema nyuma ya paji la uso ndiko mutu anapangia mambo yake, na ndiko anajizuia: asitukane, asipige, angoje zamu yake. Akili na tabia si hewa, anasema, zina nyama yake. Sasa anataka kujua kama nyama ile inafanya kazi sawasawa kwa mutu mweusi na kwa Muzungu. Nilimuuliza yeye mwenyewe anafikiri namna gani. Akanijibu, "Télesphore, ndiyo sababu tumenunua mashini."

Tarehe 18 tunakuja huko Kamituga kuandika vichwa vya wafanyakazi sitini wa machimbo. Nitalala kwako, tafuta mukeka. Nakuomba uongee mapema na wanawake wa camp ya wafanyakazi, kwa sababu najua watasema ni batumbula, wale wanaoiba watu usiku, wamekuja na mashini ya kunyonya watu akili. Haichukui damu, haichukui akili. Shemeji Gaston akubali kukaa wa kwanza, wengine watafuata. Mutu ambaye akimuona Mama njiani anaingia ndani ya mihogo kwa heshima na kusimama mpaka mukwe wake apite, hata mvua inyeshe, nani atasema huyo anadanganya watu?

Eulalie muke wangu anakusalimu, wewe wifi yake.

Yaya wako,
Télesphore


Kamituga, tarehe 12 Aprili 1957

Yaya Télesphore,

Maharagi ilifika. Constantin hakukula hata moja, umuambie Mama aache kumusingizia mutoto wa watu.

Tangu murudi Bukavu, camp yote inaongea juu yako. Jirani yangu Anne-Marie anauliza kama ile blouse nyeupe Eulalie anaifua kila siku ao iko nazo saba. Nikamuambia iko moja tu, lakini yaya yangu haketi chini.

Gaston, yee! Siku ile ya kwanza alirudi nyumbani anacheka peke yake. "Emérence," akasema, "tangu mama yangu anizae sijapata kiti kitamu kama kile." Anasema ulimuambia afunge macho, asitikisike, asifikiri kitu. Naye ametoka tu kuchimba chini ya udongo, mu galerie, na équipe ya usiku, chumba iko giza, iko moto kidogo. Akakoroma mpaka ukamufinya mukono! Wanaume wote wanafanya vilevile, sasa wanaiita kiti ya usingizi. Walewale waliokuwa wanaogopa batumbula njo wanauliza mashini itarudi lini.

Wanakushukuru sana, yaya. Ulimuomba capita Edouard, musimamizi wao, awalete asubuhi kiisha kazi, ili wasipoteze siku. Mutu hasahau kitu kama hiyo.

Watoto wako sawa. Gaston anakusalimu. Anatengeneza mulango ya kuku, pole pole kama kawaida yake. Alianza juzi, leo iko ku musumari wa pili. Nikimuharakisha anasema kuku hawajalalamika.

Mudogo wako,
Emérence


Bukavu, tarehe 6 Mei 1957

Mudogo yangu,

Barua yako nimeificha. Neno lile la usingizi usiliandike tena, na umuambie Gaston asilitaje mbele ya mutu yeyote wa kampuni. Nitakueleza mara moja, kiisha tunyamaze.

Wakati wa kazi, Docteur anakaa chumba cha pili na mashini, mulango umefungwa, hamuoni mutu. Mimi ndiye ninakaa na mutu. Juu ya kila karatasi kuna nafasi ambapo lazima niandike: macho ao usingizi. Sheria ya kazi ni mutu awe macho, kwa sababu ubongo unaosinzia unaandika mawimbi makubwa na ya pole pole, hata ukiwa ubongo wa askofu. Mimi niliandika macho. Mara sitini.

Ungefanya nini mahali pangu? Siku ya kwanza wanaume watatu walikimbia walipoona kofia. Kiisha wakachungulia, wakaona Gaston amelala na anaamuka anatabasamu, ndipo wakarudi. Ningemutikisa kila mutu kila dakika, wangeogopa tena. Docteur alitaka vichwa sitini kwa siku munane. Na walikuwa wamechoka, Emérence. Niliona mikono yao. Nikasema moyoni, wapumuzike nusu saa, itamuumiza nani?

Docteur hajui kitu, na ana furaha kubwa. Amepima karatasi zote kwa règle, milimita kwa milimita. Anasema mawimbi ya watu wa Kamituga ni ya pole pole kama ya mutoto wa Ulaya wa miaka saba, na kwamba hii inaonyesha sehemu ya mbele ya ubongo wa mutu mweusi ni mvivu tangu kuzaliwa. Ndiyo maana, anasema, tunakasirika upesi na hatupangi kesho. Anaandika kitabu. Nilimuuliza, "Na mimi, Docteur?" Akanipiga bega: "Wewe ni wa pekee." Ameniahidi kuniombea carte du mérite civique, ile karatasi ya serikali ya kusema mutu mweusi amestaarabika. Eulalie ameshapigilia musumari mahali atakapoitundika.

Nimenyamaza. Kitabu ni kitabu, wangapi watakisoma? Kula maharagi yako, usinihukumu.

Télesphore


Kamituga, tarehe 21 Juni 1957

Yaya,

Jiwe lilimupiga Gaston. Sikuandika mbele, juu nilifikiri amepona.

Ilikuwa tarehe 27 Mei. Mbao moja ya galerie ilivunjika, jiwe likamuangukia hapa mbele, juu ya jicho la kushoto. Walimushona. Alilala siku kumi na mbili ku lopitali. Docteur wa kampuni akasema: anatembea, anakula, anajua jina yake na majina ya watoto, arudi kwake. Nikachinja kuku.

Yaya, yule aliyerudi si Gaston. Uso ni wake, sauti ni yake. Lakini analalamikia moto, analalamikia ndala, anatukana kuku. Mu misa, Padri ameinua hostia, Gaston akacheka kwa nguvu. Suruali yake ya dimanche, ile ya misa, alimupa mupita njia. Nyuma ya nyumba amechimba mashimo tatu ya choo, hakuna hata moja aliyomaliza. Yeye, mutu wa musumari wa pili!

Kiisha Mama akaja na gari ya Constantin kumuona mugonjwa. Gaston hakuingia mu mihogo. Alimukimbilia, akamukamata mukono, akamuita kwa jina yake ya usichana, akamuuliza kama angali na meno ya nyuma. Mbele ya watu wote wa camp. Mama alifunika uso na kitambaa mupaka gari ikarudi. Mimi nilitamani udongo unimeze.

Wajomba zake wanasema amelogwa, wanataka kumupeleka kwao Shabunda kwa mutu wa dawa. Mimi nauliza wewe mwenye mashini. Gaston wangu angali ndani ya kichwa ile, ao ametoka? Nijibu kweli, usinijibu kama infirmier.

Emérence


Bukavu, tarehe 30 Juni 1957

Mudogo yangu,

Pole sana. Nimesoma barua yako mara tatu. Mama hakuniambia kitu, sasa naelewa kwa nini.

Gaston iko ndani. Jiwe lilipiga pale pale nilipokueleza, nyuma ya paji. Docteur ana kitabu chenye picha za askari wa vita waliopigwa risasi mahali pale. Wanaongea, wanahesabu, wanakumbuka jina la kijiji, lakini hawajizuii. Muulize Constantin gari inakuwa namna gani ikikatika breki: moteur ni nzima, usukani ni muzima, na bado inaua watu. Gaston hakukusudia kumutukana Mama. Kile kilichokuwa kinamuingiza ndani ya mihogo kimeumia. Wengine kinarudi kidogo kidogo, wengine hakirudi. Sikufichi.

Usibishane naye. Umuambie jambo moja tu kwa wakati mumoja. Asikae penye kelele. Asinywe pombe hata kidogo. Na usimupeleke Shabunda, umulete hapa.

Tuna bahati ambayo wagonjwa wengine hawana. Ubongo wake uliandikwa mwezi wa tatu, mbele ya jiwe. Tutauandika tena, tutaweka karatasi mbili meza moja, na Docteur mwenyewe ataona kidonda. Usiogope.

Télesphore


Kamituga, tarehe 15 Julai 1957

Yaya,

Tumechelewa. Gaston iko mu cachot, wamemufunga kule Mwenga.

Kampuni ilimupa kazi nyepesi, kufagia. Alhamisi capita Edouard alimuambia neno ndogo tu, ashike ufagio vizuri. Gaston akachukua mupini wa jembe akamupiga mu kinywa. Meno mbili zilianguka, taya ikavunjika. Edouard, mutu aliyesimamia ndoa yetu!

Tribunal itakaa tarehe 26 Agosti kukata kesi yake. Edouard mwenyewe, kinywa imefungwa, aliandika ku karatasi akamupa Père Raphaël, padri wetu: "Huyu si Gaston ninayemujua." Njo Père akamuomba juge angoje neno la munganga wa vichwa. Juge akakubali. Alisema hivi, nilikuwa pale: kama docteur wa Bukavu anaandika ni kidonda, Gaston anakwenda lopitali, na sisi tunabaki mu nyumba. Kama anaandika ni tabia yake, miaka tatu ya gereza, na kampuni inatutoa mu camp.

Polisi watamuleta kwenu tarehe 24. Ana wewe tu, yaya. Mimi nina wewe tu.

Emérence


Bukavu, tarehe 1 Agosti 1957

Mudogo yangu,

Sijui nianzie wapi. Nianzie na barua ambayo Docteur ametuma kwa juge. Nimeigeuza kwa Kiswahili:

"Nimelinganisha karatasi mbili za muchimbaji Gaston, ya Machi na ya Julai. Mawimbi ya pole pole yaliyoonekana Julai yalikuwapo tayari Machi, tena kwa nguvu zaidi na pande zote mbili. Kwa hiyo jiwe halikuharibu kitu. Hasira ya mutu huyu ni ya asili, inalingana na ile niliyoikuta kwa wenzake wote."

Alipomaliza kuiandika alitania kwamba labda jiwe lilimusaidia kidogo.

Umeelewa, Emérence. Mwezi wa Machi Gaston alikuwa anakoroma. Mimi niliandika macho. Karatasi niliyokuambia itamuokoa ndiyo inamufunga, na neno lililo juu yake ni la mukono wangu.

Karatasi ya Julai mimi naweza kuisoma. Upande wa kulia unakwenda haraka, ni mutu muzima aliye macho. Upande wa kushoto, juu ya jicho, ni pole pole. Kidonda kinaonekana wazi! Lakini ukikiweka kando ya mutu aliyelala, kinapotea.

Nikisema, karatasi zote sitini ni za kutupa, na kitabu pamoja nazo. Nitafukuzwa, labda nitashitakiwa. Carte ilikuwa ifike mwezi huu. Eulalie ana mimba ya miezi sita, na nyumba hii ni ya kazi. Nimefikiri tumutafute Père Raphaël, aandike kwa juge bila kutaja usingizi. Ao tuombe docteur mwingine kutoka Léopoldville. Polisi bado wanamuweka Gaston katika cachot ya hapa Bukavu; nipe siku chache nifikiri.

Télesphore


Kamituga, tarehe 6 Agosti 1957

Télesphore,

Uliniambia mbele ya ubongo njo mahali mutu anapanga, njo mahali anajizuia kufanya mubaya. Gaston yake imepigwa na jiwe. Yako ni nzima, hata Muzungu alisema wewe ni wa pekee.

Basi unaitumia kwa kazi gani?

Siku chache ulizoomba, Gaston anazilala chini, ku sima ya cachot. Docteur wa Léopoldville hatakuja. Père hawezi kusema kitu asichokijua, na anayejua ni wewe. Umeandika macho mara sitini kwa watu waliolala. Andika mara moja tu kweli kwa mutu mumoja.

Usiponijibu nitajua. Na kwa Mama nitamueleza mimi mwenyewe.

Emérence


Bukavu, tarehe 9 Agosti 1957

(Nakala kwa Emérence. Ya kweli ni ya Kifaransa.)

Docteur Hennebel,

Mimi, Télesphore, infirmier wako, nakujulisha kwamba wafanyakazi sitini wa Kamituga walioandikwa kuanzia tarehe 19 hadi 26 Machi hawakuwa macho. Walikuja moja kwa moja kutoka équipe ya usiku. Mimi ndiye niliomba waletwe saa ile, wasipoteze siku ya kazi. Nilipowaambia wafunge macho na watulie, walilala. Wengine walikoroma. Mulango ulikuwa umefungwa, na mashini ina kelele, hukusikia. Juu ya kila karatasi niliandika macho. Ni uongo wangu, si wao. Hakuna mutu aliyewaambia kwamba kulala ni kosa.

Mashini haikukudanganya, Docteur. Iliandika watu waliochoka.

Kwa hiyo karatasi ya Machi ya Gaston haifai kulinganishwa na ya Julai. Naomba aandikwe tena kabla polisi hawajamurudisha Mwenga, mulango ukiwa wazi, wewe ukimuona. Ukitaka ushuhuda zaidi, niandike mimi mwenyewe, mara moja nimelala usiku muzima na mara moja sijalala.

Najua nitakachopoteza. Nimetia sahihi nikiwa na akili timamu.

Télesphore


Bukavu, tarehe 22 Agosti 1957

Mudogo yangu Emérence,

Barua yako ilinichapa, na nilistahili. Nakueleza yote kama yalivyotokea.

Docteur alisoma barua yangu amesimama. Akawa mwekundu mpaka masikio. "Umenidanganya mara sitini," akasema. Nikasema ndiyo. "Na unafikiri mimi sijui kutofautisha mutu aliyelala na mutu aliye macho?" Nikasema, "Docteur, mulango ulikuwa umefungwa." Akaniambia nitoke.

Kesho yake asubuhi nilimukuta katika laboratoire na nguo zile zile za jana. Hakulala. Karatasi sitini zilikuwa zimetandazwa sakafuni, na kikombe cha kahawa juu ya kila kona. Akaketi mwenyewe katika kile kiti. "Nivalishe kofia. Utakaa wewe kwa mashini. Nitafunga macho, lakini nitakuwa macho, na utaona tofauti kati ya ubongo wangu na wa watu wako."

Nikamuvalisha. Nikapakaa chumvi ndani ya zile nywele nyekundu. Nikazima taa, nikafunga mulango kama desturi, nikakaa kwa mashini. Dakika ya kwanza kalamu zilikimbia. Ya nne zikaanza kupunguza. Ya sita, Emérence, zilikuwa zinapanda na kushuka kama gari ya Constantin kwenye milima ya Mwenga. Nikafungua mulango kidogo. Ndevu ziko kifuani, kinywa wazi, anakoroma. Nikarudi, nikaziacha kalamu zitembee dakika kumi zaidi. Kiisha nikajaza ile nafasi juu ya karatasi. Nikaandika usingizi. Tangu nianze kazi ile sikuwa nimeliandika neno lile hata mara moja.

Alipoamuka alijifuta ndevu, akasema, "Umeona? Nilikuwa macho wakati wote."

Nikamuletea karatasi. Akaiweka kando ya ile ya Machi ya Gaston. Aliziangalia muda mrefu, akachukua règle, akapima, akaiweka règle chini. Nilimuonea huruma, Mungu anisamehe.

Polisi wakamuleta Gaston kutoka cachot. Safari hii mulango ulikuwa wazi. Docteur alisimama mbele yake, mimi nilimushika mukono. Hatukuwa na shida ya kujua kama iko macho: alinitukana tangu kalamu ya kwanza mpaka ya mwisho, mimi na ukoo wetu, hata wewe hukupona. Sijawahi kufurahia matusi namna ile. Kulia haraka, kushoto pole pole. Docteur aliandika barua mpya mbele yangu na kuipa polisi mukononi: "Barua yangu ya kwanza ilikuwa na kosa. Mutu huyu ana kidonda cha ubongo kilichotokana na jiwe la kazi. Anahitaji lopitali, si gereza."

Kiisha akanifukuza. Sababu iliyoandikwa kwenye livret yangu ya kazi ni "maandishi ya uongo". Ni kweli, siwezi kubisha. Carte haipo tena. Nilipokuwa nakusanya vitu vyangu niliona karatasi za Kamituga zimefungwa upya kwa kamba. Ya Gaston ilikuwa imetolewa. Nikauliza, "Docteur, na hizi hamsini na tisa?" Akasema, "Hiyo si kazi yako tena." Jambo hili linaniuma kuliko kufukuzwa.

Siku ya nne Eulalie alitundika kalenda ya misioni kwenye ule musumari, akasema tuanze kufunga mizigo. Nimepata kazi dispensaire ya Kalehe, nitafunga vidonda kama zamani. Ukiniandikia, andika kule.

Yaya wako, kama ungali unataka,
Télesphore


Kamituga, tarehe 8 Desemba 1957

Yaya Télesphore,

Leo ni sikukuu ya Bikira Maria, nimepata nafasi. Hongera kwa mutoto. Eulalie asikubali wamupe jina ya Docteur hata kwa mchezo.

Juge alisoma barua ya pili, akasema basi, kesi imekwisha, mugonjwa haendi gereza. Gaston alikaa lopitali mupaka Oktoba. Tuko mu nyumba yetu. Edouard amepata meno ya kubandika, anakuja kutusalimu dimanche, lakini anakaa karibu na mulango, na mimi namuelewa.

Unauliza kama Gaston wa zamani amerudi. Siku zingine anarudi saa moja, ao mbili, kiisha anaondoka tena. Bado analalamika bure, bado anakasirika. Namuambia jambo moja kwa wakati mumoja, kama ulivyoniandikia. Shimo moja ya choo amemaliza. Nilimupigia makofi kama mutoto, akanikasirikia juu ya makofi.

Wale hamsini na tisa nimewaeleza. Sikutaka kitabu iseme juu yao na wao hawajui. Mwanzo walicheka sana, kusikia Wazungu wamepima usingizi yao kwa règle. Kiisha wakaenda kwa Père Raphaël, akawaandikia barua kwa Docteur na kwa wale wanaochapa vitabu kule Bruxelles. Ni mistari mifupi: Sisi tulikuwa tumelala, tulikuwa tumetoka kazini, njoo mutuandike tena tukiwa macho. Kila mutu ametia jina ao kidole. Jibu haijafika.

Maneno yangu ya Agosti nilisema kwa hasira, lakini siyatoi. Yalifanya kazi. Wewe njo yaya wangu, siku ile na leo.

Sasa sikia sababu ya barua hii. Mama alikuja juzi. Aliapa hatatia tena muguu Kamituga, lakini unamujua, alitaka kuona watoto. Constantin alimushusha kwa barabara, akapanda kwa miguu na kapu yake, mvua inanyesha. Gaston alikuwa anatoka shambani na jembe, kwa njia ileile. Mimi nilikuwa mulangoni, nikawaona wote wawili, na siwezi kufika. Nikaita jina ya Yesu.

Gaston akasimama. Akamuangalia. Akaweka jembe chini. Kiisha akaacha njia, akaingia ndani ya mihogo, akainamisha kichwa, na maji inamuteremuka mu shingo. Mama akaona. Hakuharakisha, yaya, alitembea pole pole makusudi, na magoti yale yanamuuma, mupaka akafika kwangu analia na kucheka. Gaston hakutoka mu mihogo mupaka Mama alipoingia mu nyumba.

Mashini haikuwapo, basi naandika mimi, weka pamoja na karatasi zako: tarehe 6 Desemba, saa kumi za mangaribi, Gaston, macho.

Mudogo wako,
Emérence